Bastola ya kwanza ya mazoezi: piga hesabu ya risasi kabla ya kuuliza bei ya bastola

Shemeji yangu alikuja renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, kaskazini mwa Houston, na bastola mpya ya .45 ambayo bado ilikuwa inanuka mafuta ya kiwandani. Alikuwa ameinunua wiki ileile kwa zaidi ya dola 600. Alipiga risasi saba, akaiweka mezani, akaanza kuikagua ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Karatasi ya shabaha ilikuwa yadi 7 tu mbele yake, mtu angeweza kuirushia kiatu. Ilikuwa na matundu mawili, yote chini kushoto. Akaniuliza boksi la risasi 50 ni bei gani. Nikamwambia dola 23 hivi. Akanyamaza. Bastola ile iko kabatini mpaka leo.

.45 ni risasi nzuri na wala siilaumu. Ila shemeji aliichagua kwa jicho la sinema, wakati alichokuwa anakitafuta ni kujifunza. Anayejifunza anahitaji risasi nyingi, na hizo zinakula mfuko mwezi baada ya mwezi kuliko bastola yenyewe. Mwongozo huu nimemwandikia Mswahili anayeishi Marekani, anayeruhusiwa kisheria kumiliki silaha, na anayetaka kuanza kulenga shabaha bila kufilisika.

Hatua ya 1: Makaratasi kwanza

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo soma polepole.

Raia wa Marekani na mwenye green card wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bastola, mradi hawana zuio jingine. Duka lenye leseni litakupa fomu 4473, utaijaza na kusaini kwamba uliyoyasema ni kweli, kisha watakukagua kupitia mfumo wa FBI unaoitwa NICS, ulioanza kazi mwaka 1998. Kwa bastola, sheria ya shirikisho inalitaka duka lisimuuzie mtu ambaye hajafikisha miaka 21.

Aliyeingia kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa. Unaojulikana zaidi ni wa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na makaratasi kabisa haruhusiwi. Na neno ni “kushika”, si “kumiliki” tu. Kukodi bastola renji kwa saa moja nako ni kushika. Nimeona vijana wa chuo wakipiga picha na bastola ya kukodi na kuirusha mitandaoni wakicheka, bila kujua wamejitengenezea ushahidi wa kosa linaloweza kuwarudisha nyumbani. Kama hadhi yako ina utata wowote, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kukanyaga renji.

Mambo mengine mawili. Fomu inauliza kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba jimbo kuihalalisha hakubadilishi kitu mbele ya sheria ya shirikisho. Pia inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Usimnunulie mtu bastola kwa pesa yake, hata awe ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hatia ya mtu aliyemnunulia jamaa yake bastola ya Glock 19, ingawa wote wawili walikuwa wanaruhusiwa kumiliki silaha. Sisi tuliozoea “nichukulie na mimi moja, nitakurudishia” tuache mchezo huo kabisa.

Majimbo nayo yana yake. Texas haidai kibali cha kununua. Illinois inataka uwe na kadi ya FOID, kitambulisho cha mwenye silaha, hata kwa kununua risasi tu, na New Jersey inataka kibali kwa kila bastola. Tafuta ya jimbo lako.

Hatua ya 2: Elewa namba zilizoandikwa kwenye boksi

Kaliba ni kipenyo cha risasi. .22 maana yake ni sehemu 22 za mia za inchi moja, kama milimita 5.6. .45 ni sehemu 45 za mia. 9mm imeandikwa kwa milimita kwa sababu ilizaliwa Ujerumani, mikononi mwa Georg Luger, mwanzoni mwa karne ya 20. Majina mengine ni ya mazoea tu. .38 Special ya mwaka 1898, kwa mfano, risasi yake ina kipenyo cha .357 ya inchi. Ndiyo maana rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila shida. Kinyume chake ni hatari, usijaribu.

Mtego mkubwa uko kwenye ukoo wa milimita 9. Ukiona 9mm Luger, 9mm Parabellum au 9x19, hiyo ni kitu kimoja. Lakini .380 Auto huitwa pia 9mm Kurz, 9mm Corto au 9mm Short, na hiyo ni nyingine, fupi na dhaifu zaidi. Halafu kuna 9mm Makarov ya Kirusi, 9x18, ambayo nayo ni ya kwake. Usilinganishe kwa kutazama tu. Soma maneno yaliyochongwa kwenye mtutu, soma boksi, soma kitako cha ganda la risasi. Yote matatu yaseme kitu kimoja. Yasipofanana, usipakie.

Namba nyingine ni greni, uzito wa ile risasi inayoruka. Greni 7,000 ndizo pauni moja. .22 ya kawaida ina greni 40, chini ya gramu 3. 9mm ya mazoezi huwa na 115, na .45 huwa na 230, karibu gramu 15. Weka gramu 15 za risasi kiganjani, kisha jiulize kitu kinachoitupa hiyo mbele kitakusukuma nyuma kiasi gani. Jibu lake lilikuwa kwenye kiganja cha shemeji.

Mwisho, namna inavyowashwa. Risasi nyingi zina fataki katikati ya kitako, kile kiduara kidogo kinachogongwa na pini. .22 haina. Baruti yake ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga pembeni. Ndiyo siri ya urahisi wake, kwa kuwa ganda ni jembamba na kazi ya kiwandani ni ndogo. Ndiyo pia siri ya udhaifu wake: mara mojamoja ile baruti haikuenea vizuri ukingoni, unavuta triga, unasikia “tk”, basi. Na ganda lake huwezi kulijaza tena ukiwa nyumbani kama wafanyavyo wenye vifaa vya kujaza 9mm au .45.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima

Hizi ndizo bei ninazoziona Texas kwa risasi za kawaida za mazoezi, kwa risasi moja, nikinunua kwa kutulia bila haraka (.22 LR ndiyo .22 ya kawaida, na .45 ACP ndiyo .45 ya shemeji):

.22 LR: senti 7 hadi 10
9mm: senti 23 hadi 28
.380 Auto: senti 32 hadi 38
.40 S&W: senti 33 hadi 40
.38 Special: senti 40 hadi 50
.45 ACP: senti 42 hadi 50

Bei hizi hazitulii, lakini mpangilio wake nadra kubadilika. Sasa chukua mtu anayekwenda renji mara mbili kwa mwezi na kupiga risasi 100 kila mara. Si nyingi, kwa anayejifunza ni kiasi cha heshima tu. Kwa mwaka ni risasi 2,400. Akitumia .22 ya senti 8, atalipa dola 192. 9mm ya senti 25, dola 600. .380 ya senti 35, dola 840. .45 ya senti 45, dola 1,080.

Tofauti ya .22 na 9mm kwa mwaka mmoja ni dola 408. Bastola nzuri ya .22 unaipata kwa pesa hiyo. Yaani mwaka wa kwanza haujaisha, bastola imejilipa. Tofauti ya .22 na .45 ni dola 888, na hiyo kwa wengi wetu ni tiketi ya kwenda kumwona mama.

Ongeza gharama ya renji yenyewe, ambayo kwa za ndani huwa dola 20 hadi 30 kwa saa. Ushuru wa shirikisho wa asilimia 11 juu ya risasi umeshaingia ndani ya bei. Unatokana na sheria ya 1937 na pesa yake huenda kuhifadhi wanyamapori. Ukipiga sana, basi kuna swala mmoja wa huku anakushukuru. California imeongeza asilimia 11 zake tangu Julai 2024.

Jambo jingine la kuweka kwenye hesabu ni uhaba. Mwaka 2013, Wamarekani walipoogopa sheria mpya baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, .22 ilipotea madukani na ikaendelea kuwa adimu muda mrefu. Watu walipanga foleni alfajiri kama kwetu enzi za sukari ya mgao. Mwaka 2020 na 2021 ikawa zamu ya 9mm: boksi la 50 lililokuwa dola 10 au 12 likavuka 30. Dawa yake ni kununua kidogokidogo. Kila mshahara boksi moja, uliweke pakavu. Ukisubiri hofu ianze, utalipa bei ya hofu.

Hatua ya 4: Zipime kaliba zenyewe

.22 LR. Hii imekuwepo tangu 1887 na bado inauzwa kuliko nyingine. Kwa anayeanza sioni mshindani wake. Nguvu yake ni chini ya theluthi ya 9mm, mlio wake ni mdogo, na bastola haikurushi mkono. Faida kubwa ambayo wauzaji hawaisemi ni kwamba inakuacha uone makosa yako. Ukipiga 9mm, mlio na mrusho, lile teke la bastola kurudi nyuma, vinafunika kila kitu, hujui kama umekosa kwa sababu ya kidole, kiganja au pumzi. Kwa .22 unaona alama za kulengea zikicheza kabla risasi haijatoka. Unajikamata mwenyewe.

Nilipopita JKT tulipewa bunduki za SMG na risasi za kuhesabu kwa vidole. Ukikosa, umekosa, rudi mstarini, afande anapiga kelele. Nilitoka kule nikijua kulala chini na kusafisha silaha, lakini kulenga sikujua. Nilijifunza kulenga nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, huku ugenini, kwa boksi la risasi 500 ambalo wenyeji wanaliita “tofali”, na bastola ambayo shemeji anaiita ya watoto.

Hasara zake ni hizi. Risasi zinazogoma kuwaka zipo, nyingi kuliko za fataki ya katikati. Risasi nyingi za .22 za bei ya chini ni za madini ya risasi tupu au yaliyopakwa nta, kwa hiyo zinachafua mtutu na mikono. Nyingi ya bastola zake hazipendi kuvutwa triga zikiwa tupu, maana pini inagonga ukingo wa chemba, lile tundu risasi inamokaa nyuma ya mtutu, na kuupinda. Soma kitabu chake. Na haikufundishi kuuzuia mrusho wa bastola kubwa. Ukihamia 9mm baadaye utahitaji wiki kadhaa za kuzoea. Mimi naona hiyo ni bei ndogo.

Usiidharau pia. Maboksi yake yenyewe yanaonya kwamba inaweza kufika zaidi ya maili moja. Inaua.

9mm Luger. Kama pesa yako inatosha bastola moja tu kwa miaka yote, na unataka ikufae kwa mazoezi, mashindano ya mtaani na ulinzi wa nyumba, nunua hii na uache kusoma. Ni ya bei nafuu kuliko zote zenye fataki ya katikati kwa sababu majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia, na viwanda vinaitoa kwa mabilioni. Hata FBI, iliyokuwa imehamia .40, ilirudi kwenye 9mm miaka ya 2010. Chukua ya greni 115 yenye koti la shaba. Chagua bastola ya ukubwa kamili yenye uzito wa gramu 700 hivi, si ile ndogo ya kubeba kiunoni. Uzito ndio unaomeza mrusho.

.380 Auto. Hili kosa nililifanya mimi mwenyewe. Niliona bastola ndogo ya gramu 280, nikasema kitu kidogo, risasi ndogo, bei ndogo. Vyote vitatu vilinikomesha. Bastola nyepesi inakupiga teke kuliko 9mm nzito, kidole changu kidogo hakikuwa na mahali pa kushika, na risasi zake zilikuwa ghali kuliko za 9mm kwa sababu zinatengenezwa chache. Niliiuza kwa hasara baada ya miezi minne. Bastola ya mfukoni ni ya mtu aliyekwisha kujua.

.38 Special. Rivolva ni rahisi kuielewa, na wazee wengi wa huku wataipendekeza. Mimi sipingi, ila tazama bei ya risasi na uone kama wazee hao watakulipia. .40 S&W utaikuta kwenye bastola kuukuu za polisi, nzuri na za bei ya kutupa, kwa kuwa idara nyingi zilirudi 9mm; unachookoa kwenye bastola utakirudisha kwenye risasi, na mrusho wake ni mkali. .45 nimeshaisema. Kuhusu kaliba ya 5.7 na nyingine za kuvutia vijana, ziache mpaka uwe na pesa ya kuchezea.

Hatua ya 5: Kodi kabla ya kununua

Renji nyingi za ndani hukodisha bastola kwa dola 10 hadi 20. Nyingi hutaka utumie risasi zao, ambazo ni ghali kidogo, na baadhi hazimkodishii mtu aliyekuja peke yake mara ya kwanza. Nenda na rafiki anayejua, au bora zaidi, lipia darasa la wanaoanza.

Omba .22 na 9mm ya ukubwa kamili. Weka shabaha yadi 5 hadi 7. Piga kumi na .22, badilisha karatasi, piga kumi na 9mm, badilisha, kisha rudia. Andika namba kwenye kila karatasi. Ukifika nyumbani zipange mezani. Usitazame kama umepiga katikati. Tazama matundu yamekaribiana kiasi gani, na kama kundi la pili ni bora au baya kuliko la kwanza. Kama matundu ya 9mm yametawanyika zaidi mara ya pili, mwili wako umeshaanza kuuogopa mlio. Hapo karatasi imekuchagulia kaliba, huna haja ya kumuuliza mtu.

Ndani ya renji vaa vizuia masikio viwili pamoja, vya kuchomeka na vya kufunika juu, na miwani. Shati liwe na shingo ya kubana. Ganda la moto likiingia kifuani utacheza ngoma, na aliyeshika bastola hatakiwi kucheza ngoma.

Hatua ya 6: Kununua bastola yenyewe

Nitakuwa mfupi hapa, maana bastola za .22 zinazofaa ni nyingi. Ruger Mark IV ya 2016 ni mjukuu wa bastola iliyoianzishia kampuni ile biashara mwaka 1949. Za kabla yake zilikuwa nzuri ila kuzifungua na kuzirudisha ilikuwa mtihani. Hii inafunguka kwa kitufe kimoja. Browning Buck Mark inasifika kwa triga laini. Taurus TX22 ni nyepesi, inabeba risasi 16, na inashikika kama bastola za 9mm za siku hizi, kwa hiyo inakuandaa kuhama. Kwa mwenye mfuko mwembamba kabisa ipo rivolva ya Heritage Rough Rider, ya mtindo wa wachunga ng'ombe, unavuta nyundo kwa kidole gumba kila risasi. Inakulazimisha kutulia, jambo jema, na inapunguza matumizi ya risasi bila wewe kutaka.

Chagua mtutu usiopungua inchi 4. Nunua magazini moja ya ziada, kile kisanduku kinachobeba risasi. Halafu, kabla hujanunua tofali zima la risasi, nunua maboksi madogo matatu ya kampuni tofauti. Bastola za .22 zina ulimi wa kuchagua kama mtoto mdogo. Hii inakula chapa hii, ile inaitema. Inayopita magazini tano bila kukwama, hiyo ndiyo yako.

Hatua ya 7: Miezi ya mwanzo renji

Kanuni nne huzivunji siku yoyote: kila silaha ichukulie ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umeamua kupiga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Risasi ikigoma, usigeuze bastola kuichungulia. Iweke imeelekea shabaha, hesabu taratibu hadi 30, maana wakati mwingine baruti huchelewa kuwaka. Kisha itoe na uitie kwenye kopo la risasi mbovu. Ukisikia mlio mdogo wa ajabu, kama kifuniko cha chupa, simama hapohapo. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa magazini, fungua chemba, mwite msimamizi.

Sasa yale matundu ya chini kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, karibu kila mara hiyo ni hofu: mkono unausukuma mtutu chini muda mfupi kabla ya mlio. Tiba yake ni ya bure. Mwambie rafiki akupakie magazini, achanganye risasi bandia za plastiki mbili au tatu bila kukuambia ziko wapi. Utakapovuta triga kwenye ile bandia, utauona mtutu ukiinama wenyewe, na aibu itakufundisha kuliko mwalimu. Shemeji nilimfanyia hivyo kwa .22 yangu. Mara ya kwanza aliinama kama anasalimia wakwe. Baada ya magazini sita, matundu yalikuwa yanafunikika na kifuniko cha soda.

Nyumbani unaweza kufanya mazoezi ya triga bila risasi, ukiwa umehakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu na risasi zote ziko chumba kingine. Kwa .22 wenyeji wana ujanja wao: zile plagi za plastiki za njano, za kuchomeka ukutani kabla ya skrubu, namba 4-6, zinaingia kwenye chemba na kuipokea pini badala ya ukingo. Pakiti ni dola chache tu.

Ukimaliza renji, nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Vumbi la madini ya risasi ni sumu, na kwa watoto ni sumu zaidi. Nguo zako zifue peke yake.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani

Bastola ikae kwenye kasiki ya chuma inayofungwa, risasi zifungiwe mahali pengine. Kama una watoto, au wageni wenye watoto, na Mswahili gani hana wageni, hilo lifanyike kabla ya bastola kuingia ndani.

Tenga begi moja la renji, na begi hilo lisitumike kwa kitu kingine maishani mwake. .22 ni ndogo kama punje ya maharage membamba. Inajificha kwenye mshono, kwenye mfuko wa koti, kwenye pindo la suruali. Mimi moja niliikuta ndani ya mashine ya kufulia, inang'aa, imekaa juu ya raba ya mlango. Sasa fikiria punje hiyo imebaki kwenye begi unalosafiria kwenda Dar es Salaam au Nairobi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha na bodi yake ya leseni, na kote kuwili risasi moja bila kibali ni kosa, bastola iwepo isiwepo. Eleza utakavyoeleza, mashine ya uwanja wa ndege haijui kwamba wewe ni mtu wa mazoezi. Kabla ya kila safari mimi huligeuza begi la safari ndani nje, nikalikung'uta juu ya shuka jeupe.